Sina dalili yoyote, kuna haja ya kupima mlango wa kizazi?

MamaLishe_RangiTatu:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 37, napika chakula Mbagala Rangi Tatu. Jana nilimpeleka mwanangu kliniki, nesi akasema akina mama tuliovuka 30 tuingie tupimwe saratani ya mlango wa kizazi, bila malipo. Wenzangu wakaingia, mimi nikambeba mtoto nikaondoka. Siumwi, siku zangu zinakuja vizuri. Na nikikutwa nayo? Nani atasimamia banda? Aliyewahi kupima aniambie ukweli.

Dada_Tandika:
Mdogo wangu, mimi nilikimbia mara mbili kabla ya kupima, kwa hiyo nakuelewa.

Unavua nguo ya ndani tu, gauni unabaki nalo. Unalala, sista anaingiza kifaa cha kupanulia, anakwambia uvute pumzi. Kisha anachovya pamba kwenye siki, jamii ya hiyo unayotia kwenye kachumbari, anapaka mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anamulika. Penye shida panageuka peupe. Kwangu palitokea doa dogo kama punje ya mchele.

Nililia palepale. Sista akanishika bega: "Mama, hii si saratani. Ni seli zimeanza kubadilika, tunazitoa leoleo." Wakanifanyia tiba mgando: chuma baridi kama barafu dakika tatu, wakaacha tano, wakarudia tatu. Tumbo lilinikata kama la hedhi. Mwezi mzima nikatokwa na majimaji, na baba watoto ikabidi asubiri. Mwaka uliofuata nikapimwa tena, pasafi.

Sasa shangazi yangu. Naye hakuwa anaumwa. Akiwa na miaka 51 akaanza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, akadhani hedhi imerudi. Zahanati aliyokwenda walimpa dawa za fangasi mara tatu, hakuna hata mmoja aliyemchungulia. Tulipofika Ocean Road, hospitali ya saratani, mguu wa kushoto ulishavimba. Nilimsindikiza kwenye mionzi, kwapani ana khanga imekunjwa ya kutandika kitini, maana damu ilikuwa haishikiki. Kwenye lile benchi tulikaa na wanawake wengi, na karibu kila niliyezungumza naye aliniambia neno lako hilohilo: nilikuwa siumwi.

Tulimzika mwaka huohuo. Hiyo punje yangu ya mchele, yeye alikuwa nayo miaka mingi bila kuijua. Nenda, nakuomba.

Nesi_Temeke:
Dada amesema vizuri, naongezea kidogo. Chanzo ni kirusi kiitwacho HPV, kinaambukizwa kwa kujamiiana na wengi wetu tunakipata bila kujua. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikibaki, huchukua kama miaka 10 hadi 20 kufika kwenye saratani, na hiyo miaka yote haina maumivu. Ndiyo maana tunawaita mkiwa wazima. Kwa wanaoishi na VVU huenda haraka zaidi, hao waje kila mwaka. Wengine kila baada ya miaka mitatu.

Doa likiwa kubwa hatuligandishi, tunakupa rufaa uchukuliwe kinyama kipimwe. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ipo. Tulianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, siku hizi ni dozi moja tu.

MamaLishe_RangiTatu:
Kumbe ni siki! Nimesoma ya shangazi mara mbili, poleni sana dada. Wa kwanza wangu ana miaka 11, hiyo chanjo sikuijua. Nimemaliza siku zangu juzi, naweza kwenda kesho? Mdogo wangu atashika masufuria mpaka saa sita.

Nesi_Temeke:
Kesho ni sawa kabisa. Wahi asubuhi, vaa gauni au sketi. Leo usiku msikutane na mzee, na usijisafishe ndani kwa sabuni. Binti njoo naye.