Nasoma naelewa, nikikaa kwenye mtihani kichwa kinakuwa cheupe

BintiUyole: Wakuu, salamu kutoka Mbeya, baridi la Juni halina huruma. Niko mwaka wa pili, uhasibu. Kusoma nasoma. Usiku wa kuamkia testi ya takwimu nilikokotoa maswali 12 ya miaka ya nyuma, nikapata 10. Asubuhi karatasi mbele yangu, mikono barafu, swali la kwanza nimelisoma mara nne haliingii. Jirani akasogeza karatasi yake. Nikadesa. Mimi, ambaye mama anauza viazi Mwanjelwa na kila mteja anaambiwa "mwanangu mhasibu".

Kinachoniuma: swali la mkengeuko sanifu nilishalijibu. Nikaona lake tofauti, nikafuta langu. Karatasi ziliporudi, lililofutwa ndilo lililokuwa sahihi.

UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ni wiki mbili zijazo. Kuna dada hosteli anaandaa nondo, vikaratasi kama tiketi ya daladala, anasema nami ataniandalia. Mnafanyaje wenzangu?

Mtu_wa_Kabwe: Usithubutu. Jamaa yetu alikutwa na kikaratasi kwenye soksi, hata hajakitumia. Mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, disko. Sapu unarudia mtihani, disko unarudi nyumbani na godoro.

Chizi_Fresh: Sasa unatangaza kudesa humu, lekchara wako akipita je? 😂

Mzee_Gangilonga: Kamwene mwanangu. Nimesimamia mitihani hapa Iringa miaka mingi. Wenye nondo huwa hatuhangaiki kuwatafuta, wao ndio wanatukodolea macho. Hicho kichwa cheupe ni hofu: inakaa palepale akilini ulipopanga kukokotolea. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Ramirez na Beilock, waliwapa wanafunzi dakika 10 kabla ya mtihani waandike wanachokiogopa. Wenye hofu kubwa walioandika walifanya vizuri kuliko wenye hofu ambao hawakuiandika. Jaribu, ila karatasi hiyo uiache nje ya mlango, wasije wakakukamata nayo!

Halafu, yale 12 uliyakokotolea wapi? Kitandani, notsi pembeni? Kaa mezani, saa inahesabu, daftari limefungwa.

BintiUyole: Shikamoo mwalimu. Kitandani, ndani ya mablanketi mawili, umejuaje? Ndaga fijo, asante sana. Dada wa nondo nimemwambia asinihesabu. Nimeandika zile dakika 10 leo. Nilidhani nitaandika habari za sapu, kumbe ukurasa mzima ni wateja wa mama.