Naomba ushauri: majina ya mjane wa askari hayalingani
Wakuu, shikamooni. Namsaidia makaratasi mjane wa askari wa JWTZ (jeshi la Tanzania) aliyefia kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa DRC (Kongo). Cheti cha kifo cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kipo, muhtasari wa kikao cha ukoo umesainiwa, Fomu Na. 1 ya mirathi imejazwa. Kikwazo ni jina la mjane: cheti cha ndoa kina majina mawili, kumbukumbu za kazi za marehemu zina matatu, na jina la ukoo humo ni tofauti kabisa. Barua ya serikali ya mtaa imekataliwa. Fidia ya Umoja wa Mataifa nayo hupitia serikalini, kwa hiyo kosa hili litatufuata hadi huko.

Je, kiapo mbele ya wakili kinatosha, au lazima hati ya jina iliyosajiliwa (deed poll)? Na tusahihishe kwanza, au tufungue mirathi hivyo hivyo?