Titterstone Clee au Winter Hill?

NyikaNjema: Wakuu habari zenu. Jumamosi tunataka kupanda kilima hapa Uingereza, nyika ya wazi yenye mambo ya kale pamoja na mabaki ya viwanda. Nimebakiwa na viwili: Titterstone Clee (Shropshire, mita 533) na Winter Hill (Lancashire, mita 456). Kipi?

MamaZuhura: Mnatokea mji gani? Gari mnalo? Kuna watoto? Tutakushaurije bila hayo.

Mchimba: Titterstone, hakuna mjadala. Unaegesha gari ndani ya machimbo yenyewe, kileleni si mbali. Magofu ya zege bado yamesimama, na unauona mteremko walioshushia mawe hadi reli ya kijiji cha Bitterley. Jiwe la pale ni doleriti, jeusi, gumu kweli. Juu kuna boma la Zama za Chuma na rada nyeupe za mviringo.

Kaskazini: Kama hana gari ni Winter Hill. Treni mpaka Horwich Parkway, kisha unapitia mnara wa Rivington Pike wa mwaka 1733. Mwaka 1896 maelfu ya watu wa Bolton waliandamana hadi Winter Hill baada ya mwenye ardhi kufunga njia.

MamaZuhura: Mimi Winter Hill sirudi. Tulipanda Oktoba, jua linawaka. Tulipofika juu ukungu ukashuka, hata ule mlingoti wa televisheni hatuuoni. Mwanangu akazama kwenye tope la mboji hadi magotini, kiatu kikabaki chini, mjomba wake akakichimbua kwa mikono. Na kule kuna mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, nani athubutu kuacha njia? Tulijibanza nyuma ya ukuta wa mawe, watoto wanatetemeka, mpaka kukafunguka.

Kaskazini: Pole sana dada. Ila ukungu hata Clee upo, tena ni kirefu zaidi.

Mwanakale: Mimi Titterstone inaniuma. Machimbo yamekula sehemu ya boma la miaka zaidi ya 2,000, likawa kokoto.

Mchimba: Wachimbaji walikuwa wanalisha watoto wao. Jasho lao nalo ni urithi.

Mwanakale: Sikatai, lakini boma halirudi. Kule Winter Hill angalau kaburi la Noon Hill, la Zama za Shaba, bado lipo.

NyikaNjema: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Tuko Birmingham, gari lipo, watoto wawili na mama yangu mzazi.

Mchimba: Birmingham? Titterstone basi, ni karibu zaidi.

MamaZuhura: Mama magoti yake yakoje? Na mna viatu vya kupandia?