Naomba ushauri: muziki mpya wa kielektroniki wa kutulia, wa kazi ya usiku na wa ndani ya matatu

Ramani_Usiku

Hamjambo wadau. Naomba majina ya albamu za muziki wa kielektroniki wa kutulia, hasa za miaka hii ya karibuni. Matumizi ni mawili. Kwanza ni kazi ya kuchora ramani za majengo kwenye kompyuta, saa tatu usiku mpaka saa nane, kwa hivyo maneno ya kuimbwa hayafai, yanavuruga hesabu. Pili ni matatu ya Rongai, kwenda na kurudi.

Vifaa: simu ya Android, hedifoni za Bluetooth za kuingiza sikioni, na spika ndogo ya Bluetooth ya mezani. Bando ni GB 5 kwa wiki na haliongezeki. Kununua muziki naweza kutenga Sh1,500 kwa mwezi.

Ninaowapenda tayari ni Bonobo na Boards of Canada, hasa ile albamu yao ya 1998, Music Has the Right to Children. Nisichotaka ni zile orodha za piano juu ya sauti ya mvua. Wimbo wa kwanza na wa arobaini ni yale yale, na programu ikishajua unasikiliza usiku inakumiminia hizo tu.

Kanda_ya_Chrome

Ndugu, anzia nyumbani. KMRU ni mtoto wa Nairobi, makao yake sasa ni Berlin, na kwenye ambienti (muziki wa polepole wa kujaza hewa, aghalabu bila ngoma) ya dunia nzima jina lake liko mstari wa mbele. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mkongwe wa muziki wa Kikuyu, na jina wanashiriki. Ila usiingie kwa mlango wowote tu, kazi zake hazifanani.

Mlango rahisi ni Logue ya 2021. Ni vipande alivyotengeneza kati ya 2017 na 2019, vingi vina melodia ya kushika. Anza na "Jinja Encounters". Ukiipenda, nenda Peel ya 2020, iliyotolewa na lebo ya Editions Mego: vipande sita, zaidi ya saa nzima, na cha mwisho peke yake kinapita dakika 20. Hakuna ngoma. Anachukua sauti zilizorekodiwa nje, anazivuta na kuzipanga tabaka juu ya tabaka mpaka hujui tena chanzo chake kilikuwa nini. Dakika tatu za kwanza utadhani hakuna kinachotokea. Mabadiliko yapo, lakini yanapimwa kwa dakika, si kwa sekunde. Ndiyo maana inafaa kuchora: hakuna kitu kinachokuvuta shati.

Natur ya 2024 iache kwanza. Ni kipande kimoja kirefu kilichojengwa kwa milio ya sumaku-umeme, ile inayotoka kwenye nyaya na mitambo bila sikio tupu kuinasa. Kwangu ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, lakini ina makali, haifai mtu aliyechoka saa saba usiku. Limen ya 2022, aliyofanya na Aho Ssan, nayo ina vishindo.

Besi_ya_Umoja

Nakubali yote, ila Peel ndani ya matatu ni kazi bure. Mngurumo wa injini na matairi uko chini, mahali pale pale besi inapokaa, kwa hivyo unaifunika. Juu yake kuna kondakta, na juu ya kondakta kuna muziki wa gari lenyewe. Ambienti ina sehemu za sauti ndogo mno. Utapandisha sauti ili uzisikie, kisha kipande kikinyanyuka unaumiza masikio.

Kwa barabarani tafuta muziki ambao sauti yake haipandi wala kushuka sana, wenye ngoma wazi na melodia ya katikati. Kwa kuwa Bonobo unamjua, chukua Fragments ya 2022 (kuna waimbaji, lakini kwenye gari huchori kitu). Four Tet, albamu ya Three ya 2024, inafaa vilevile. Na huyu usimpite hata kama si mpya: Hailu Mergia wa Ethiopia, Hailu Mergia & His Classical Instrument ya 1985, ambayo lebo ya Awesome Tapes From Africa waliitoa upya 2013. Ni mtu mmoja na kodiani, kinanda cha Rhodes, sinthesaiza ya Moog na mashine ya ngoma. Sauti ya kodiani si ya chini sana wala ya juu sana, inakaa juu ya mngurumo wa injini, ndiyo maana inapenya.

Kabla ya kulaumu hedifoni, angalia vile vifuniko vya mpira. Aghalabu zinakuja na saizi tatu na watu wengi hawabadilishi ile iliyotoka nayo dukani. Cheza kitu chenye besi, sukuma hedifoni taratibu kuelekea ndani. Besi ikiongezeka ghafla, hewa ilikuwa inavuja, weka saizi ya juu yake. Usijaribu kufidia uvujaji huo kwa kupandisha besi kwenye ikwalaiza. Kispika kidogo kile kitakwaruza na kelele za nje zitaendelea kuingia palepale.

Korongo

Mtu akikutajia Slikback kwa kuwa naye ni wa Nairobi, jua ni habari nyingine. Lasakaneku ya 2018 na Tomo ya 2019, zote za lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala, ni besi nzito na midundo iliyovunjwavunjwa. Nzuri mno, lakini ni za kuamsha.

Kilobiti

Majina mazuri bila mipangilio ya simu hayatakufikisha, maana muziki wa aina hii ndio unaoumizwa zaidi na mipangilio mibaya.

Bando kwanza. Chukua kilobiti kwa sekunde (kipimo cha ubora wa sauti kwenye mipangilio), zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Kilobiti 96 ni MB 43, 160 ni MB 72, 320 ni MB 144. Kazi yako inachukua muda wa saa tano. Kwa siku sita, ukitiririsha kwa 160 ni takriban GB 2.2, na kwa 320 ni GB 4.3, yaani bando linakaribia kuisha na hujafungua hata barua pepe. Kwa hivyo usitiririshe, pakua. Albamu ya dakika 45 kwa 320 ni MB 108, unazilipa mara moja hata ukiirudia mara hamsini. Kwenye Spotify kupakua albamu ni kwa wanaolipia tu, na simu lazima ishike mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyopakua vinafungwa.

Usishuke hadi 96 ili kubana bando. Kwenye wimbo wenye ngoma na sauti ya mtu utavumilia, ila kwenye ambienti zile sauti laini za juu zinaanza kububujika kama maji ya kuchemka. Kwa upande mwingine, usihangaike na FLAC (faili kubwa zisizopoteza ubora wa sauti) kwa hizo hedifoni. Bluetooth inaubana muziki upya kabla haujafika sikioni, kwa hivyo utakuwa umejaza simu bila faida.

Sasa ingia kwenye mipangilio ya uchezaji. Kile kipengele kinachochanganya mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine kiweke sifuri. Albamu nyingi hapa zimeshaunganishwa na msanii mwenyewe, ukiziunganisha tena unapoteza sekunde ambazo alizipangia kazi. Washa uchezaji usio na pengo. Zima kuchanganya mpangilio wa nyimbo. Halafu zima kule kuendelea kucheza kiotomatiki albamu inapokwisha. Hapo ndipo mvua na piano zinapoingilia.

Jambo moja ambalo watu hawalijui: kusawazisha sauti kukiwa kumewashwa, albamu ikichezwa nzima kwa mpangilio wake hubaki na tofauti zake za ndani. Ukichomoa vipande na kuviweka kwenye orodha iliyochanganywa, kile cha kunong'ona kinapandishwa kilingane na vingine, na utulivu wake umekwisha. Cheza albamu, si vipande.

Ramani_Usiku

Asanteni sana, vifuniko nimeshabadilisha na besi imerudi kweli. Maswali mawili. Nitanunuaje bila kadi ya benki? Na saa tano nizipangeje?

Kanda_ya_Chrome

Nunua Bandcamp. Wanapokea kadi au PayPal, na kadi unaipata kwa M-Pesa GlobalPay: ingia kwenye programu ya M-Pesa au piga *334#, fungua kadi pepe ya Visa, pesa inatoka moja kwa moja kwenye salio lako. Namba ya usalama ya nyuma ya kadi iombe wakati ule ule wa kulipa, haikai muda mrefu. Acha salio la ziada kwa ajili ya ubadilishaji wa dola na kodi. Malipo mengi yanayokataliwa tatizo si kadi, ni salio lililopungukiwa shilingi chache. Albamu nyingi za aina hii ni dola 7 hadi 10, kwa hivyo bajeti yako ni albamu moja kwa mwezi na chenji kidogo. Wengine wameacha bei wazi, unaweka unachoweza.

Ukishalipa, pakua kupitia kivinjari, si programu yao. Ile programu inakuchezea tu bila kukupa faili mkononi. Chagua MP3 320, itashuka kama ZIP. Ifungue, folda iweke kwenye Music, cheza kwa programu ya VLC. ZIP yenyewe hifadhi kwenye kompyuta. Faili ni lako, hakuna habari ya siku 30.

Kama unaweza kungoja, nunua siku ya Bandcamp Friday, Ijumaa maalumu ambazo walianza 2020. Siku hiyo kampuni haichukui fungu lake, ambalo kwa kawaida ni asilimia 15 ya muziki wa kidijitali. Msanii wa Nairobi anayeuza nakala chache anaihisi tofauti hiyo.

Sikio_Pevu

Kuhusu saa tano: usiweke ambienti tupu tangu mwanzo hadi mwisho, utasinzia kabla ya saa sita.

Saa tatu hadi nne weka vyenye mapigo, hao Boards of Canada wako au Logue. Saa nne hadi sita ndio wakati wa kazi nzito, toa ngoma. Hapo naweka Peel, kisha Promises ya 2021, ya Floating Points, Pharoah Sanders na London Symphony Orchestra. Dakika 46, sehemu tisa, kishazi kile kile cha noti chache kinarudi na kurudi huku saksafoni ikitembea juu yake. Tahadhari: sehemu ya 6 vinanda vya nyuzi vya okestra vinanyanyuka kwa nguvu sana. Watu wanapandisha sauti mwanzoni kwa kuwa inaanza chini, halafu wanashtuka hapo. Weka sauti kwa kupima sehemu ya 6, kisha rudi mwanzo.

Baada yake Nala Sinephro: Space 1.8 ya 2021 na Endlessness ya 2024. Anapiga kinubi na sinthesaiza. Kama ningeruhusiwa kukutajia jina moja tu jipya, ningekutajia huyu. Endlessness ni sehemu kumi zote zikiitwa "Continuum", na mfululizo wa noti unaozunguka ndio unaozishona pamoja. Kuna ngoma na saksafoni ndani, lakini haziombi uangalizi wako.

Saa saba usingizi unabisha hodi. Weka Ritual ya Jon Hopkins, 2024, dakika 41, sehemu nane zinazofuatana bila kukatika. Inaanza chini, kisha ngoma inajengeka mpaka nusu ya pili inakuwa nzito. Kwa sababu hiyo hiyo usiilalie.

Za kufungia: Aphex Twin, Selected Ambient Works Volume II ya 1994, kile kipande cha "#3". Au Green ya Hiroshi Yoshimura, ya 1986, ila angalia. Kuna toleo lililoongezewa sauti za maji na ndege, limeandikwa SFX. Wewe uliyechoka na mvua tafuta lile la awali lisilo na herufi hizo.

Na kati ya albamu na albamu acha dakika kumi za kimya. Sikio likichoka linaomba sauti zaidi, na ukiliongezea utashindwa kusikia vitu vidogo ambavyo ndivyo albamu hizi zimejengwa navyo.

Korongo

Kwa kuwinda majina mapya bila algorithimu, tumia redio. SomaFM ya San Francisco haina matangazo ya biashara: Groove Salad ni ya midundo ya pole, Drone Zone haina midundo kabisa. Kwa kilobiti 128 ni MB 58 kwa saa, na kuna mkondo wa 64 wa MB 29. NTS ya London wana mkondo wa Slow Focus. Sikiliza saa moja kwa wiki, andika majina matatu, kisha kila jina lifuate kwenye ukurasa wa lebo yake, si wa msanii peke yake. Lebo ndogo ina sikio moja linalochagua, kwa hivyo ukipenda albamu yake moja huenda ukapenda na nyingine mbili.

Besi_ya_Umoja

Umesema pia una spika ndogo ya mezani. Noti za chini kabisa za Peel hazitatoka humo, spika ya ukubwa huo haina uwezo nazo, kwa hivyo albamu hiyo isikilize kwa hedifoni tu. Kwa Sinephro na Yoshimura spika inatosha. Isogeze karibu na kona ya ukuta, kama sentimita 10, upate besi kidogo ya bure. Kama meza ni ya mbao nyembamba au ina droo, weka taulo lililokunjwa chini yake, la sivyo droo itatetemeka kwenye noti moja fulani na utadhani rekodi ina kasoro.