Naomba ushauri: rampu (njia ya mteremko ya viti vya magurudumu) imegoma kuenea mbele ya mlango

Habari zenu wakuu. Nasimamia jengo la ofisi la zamani, na sheria inatutaka tulirekebishe ili watu wenye ulemavu waingie wenyewe, si kubebwa juujuu kwenye ngazi. Mlango umeinuka sentimita 60 kutoka chini. Kwa mteremko wa 1:12 (kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu) nahitaji rampu ya mita 7.2, na nafasi iliyopo kabla ya barabara ni mita 4 tu.

Fundi anasema tuifupishe. Nimekataa, kwani ikifupishwa itakuwa na mwinuko mkali na kiti cha magurudumu kitarudi kinyumenyume. Nimechora ya kukunja, ila kona nayo inataka sehemu tambarare ya kugeuzia, kama mita 1.5 kwa 1.5.

Mliowahi kufanya kazi hii: niikunje ubavuni mwa jengo, au niweke lifti fupi ya jukwaa? Na umeme ukikatika, hiyo lifti inashushwaje mtu akiwa juu?