Leseni ninayo, kibali ninacho, na bado nimelala mahabusu kisa maandishi ya boksi la risasi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Wale wa "raia bastola ya nini" wapite kimya kimya. Nanunua dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa fedha taslimu, na njia ya kwenda Kasulu mnaijua.

Leseni yangu imeandikwa "Pistol .32". Risasi nimenunua kwa kibali, duka lenye leseni, na boksi limeandikwa "7,65 mm Browning". Hizo si risasi mbili zinazofanana, ni MOJA. Ilianzia FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, mwaka 1899, kwa ajili ya bastola aliyoibuni John Browning. Wamarekani wakaiita .32 ACP au .32 Auto kwa sababu wao ni watu wa inchi, Ulaya wakabaki na milimita. Basi.

Nieleze hayo kwenye kizuizi cha polisi? Afande katoa simu, kazidisha .32 kwa 25.4, kapata 8.128, si 7.65 ya boksi. Akanigeuzia kioo: "Unaona? Hata hesabu inakukataa." Na hesabu kaipiga sawa kabisa! Tatizo ni kwamba jina la risasi si kipimo cha rula. Nikamwomba atoe risasi moja asome kitakoni. Kasoma, pameandikwa 7.65 vilevile. Kwake huo ukawa ushahidi wa pili.

Nisimwonee, maana ipo risasi nyingine inayoitwa 7.65 Parabellum, ganda lake refu na lina shingo kama ya chupa, na hiyo kwenye bastola yangu haiingii hata uipige nyundo. Kwa hiyo kuuliza ni haki yake. Kunilaza ndani kabla ya kumuuliza anayejua, hapana.

Na mjue uzito wake. Kukamatwa na risasi zisizo kwenye leseni yako kunaangukia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kisha inasomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi. Uhujumu uchumi, jamani! Mahakama ya wilaya haiisikilizi mpaka DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, atoe kibali, na wakati unangoja kibali unajua mwenyewe unangojea wapi. Yote hayo kwa sababu karani mmoja kaandika inchi na kiwanda kimeandika milimita.

Hasira yangu kubwa lakini ni kwa muuzaji. Wakati wa kupokea pesa alisema "boss, hiyo ndiyo ile ile, wewe chukua". Risiti yake: "risasi za pistol, boksi 1". Namba ya ukubwa hakuna, jina hakuna. Nilipompigia nikiwa kituoni aongee na afande, akasema yuko kwenye kelele atanipigia. Alipokuwa anahesabu noti hakukuwa na kelele.

Wenye leseni iliyoandikwa "9mm" tu, msicheke. Kuna 9 mm Luger, ambayo ndiyo 9x19 na ndiyo Parabellum, na kuna 9 mm Kurz, ambayo ndiyo .380 ACP na ganda lake ni fupi. Bastola ya moja si ya nyingine. Duka likikuuzia Luger na bastola yako ni ya Kurz, leseni yako itaonekana safi kwenye karatasi huku umebeba risasi ambazo silaha yako haili. Hapo wakili akutetee vipi sijui.

Na wawindaji wenye .308: boksi likiandikwa 7.62x51, jina lake la milimita, hapa kwetu umekwisha. Mkoa unapakana na Burundi na Kongo, silaha za vita zimeshapita sana, na askari akisikia 7.62 anawaza SMG, bunduki ya vita aina ya AK-47, papo hapo. Ya SMG ni 7.62x39, ganda fupi zaidi, lakini usiku na tochi nani atapima?

Ninachotaka ni kidogo mno. Leseni iandike majina yote ya risasi husika, muuzaji alazimishwe kuyaandika kwenye risiti, na kila kizuizi kiwe na karatasi moja ya majina yanayolingana. Karatasi moja! Kwa sasa tunzeni maboksi, msihamishie risasi kwenye soksi, na risiti isiyo na ukubwa wa risasi mrudishieni hapohapo dukani.

Mwenye kujua kama leseni inaweza kuongezewa jina la pili bila kuanza maombi upya, atuambie utaratibu. Na wewe muuzaji, najua humu unapita. Pokea simu.