Naomba ushauri: mteja anataka programu ya GPL iwe mali yake peke yake

Habari zenu wakuu. Nipo Kirumba, Mwanza. Nimemtengenezea mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni programu ya kutunza hesabu za magunia na madeni. Sikuanzia sifuri: nilichukua programu huria yenye leseni ya GPL toleo la 3, ile ya 2007 (inaruhusu yeyote kutumia, kubadilisha na kusambaza programu, mradi ukimpa mtu toleo ulilobadilisha libaki na leseni hiyo hiyo), nikaibadilisha, nikamwekea kwenye kompyuta yake. Kuuza najua ruksa. Shida ni mkataba aliouleta jana: eti msimbo wote (maandishi ya ndani yanayoiendesha programu) ni mali yake, na mimi nisimpe mtu mwingine yeyote. Sasa ile sehemu niliyoichukua si yangu, nitampaje umiliki? Kianzio nimeshakula (ada ya mtoto, msinicheke). Nikisaini, nimevunja Sheria ya Hakimiliki ya 1999? COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) wanashughulikia haya, au nitafute wakili?